Mchoraji wa Goßfelden na sketi zilizobaki sandukuni

Juu ya kitanda cha bibi mmoja ninayemhudumia hapa Marburg, Ujerumani, kuna picha ndogo nyeusi na nyeupe ndani ya fremu ya mbao iliyopauka. Mwanamke mzee ameinama dirishani anakung'uta mto mkubwa, na manyoya yanashuka chini kama theluji. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naipangusa vumbi bila kuitazama. Kazi ya kutunza wazee ina haraka zake: amsha, ogesha, visha, dawa, chai, chumba kinachofuata. Asubuhi moja ya Januari theluji ilianza kuanguka nikiwa namchana nywele. Akanyoosha kidole dirishani, kisha ukutani, akasema, "Dada, leo Frau Holle anatandika kitanda chake."

Huku wauguzi wa kike huitwa "dada", na wazee wengi hawajaiacha desturi hiyo. Nikaacha kitana hewani, nikaitazama ile picha kwa mara ya kwanza.

Frau Holle ni bibi wa kwenye hadithi za ndugu Grimm. Anapokung'uta matandiko yake huko juu, theluji huanguka duniani, na watu wa jimbo hili la Hessen bado husema hivyo theluji inapoanza. "Na kilima kile cha pale chini kinaitwa Rimberg," bibi akaniambia. "Tulikuwa tunapita karibu yake. Ubbelohde hakuwa mtu wa kubuni milima."

Jina hilo nililiandika nyuma ya kadi ya zamu yangu. Otto Ubbelohde. Mwaka wa tatu sasa nimo ndani ya maisha ya mtu huyu, na leo nimeamua kuandika.

Alizaliwa hapa Marburg, Januari 5, 1867. Mwaka mmoja tu kabla yake, nchi ndogo ya Kurhessen, ambayo Marburg ilikuwa ndani yake, ilimezwa na Prussia baada ya vita vya 1866. Baba yake alikuwa profesa wa sheria katika chuo kikuu cha mji huu, chuo kilichoanzishwa 1527. Ni chuo kilekile ambako Jacob na Wilhelm Grimm walikuja kusoma sheria, Jacob akianza 1802 na mdogo wake akifuata mwaka uliofuata, kabla hawajaanza kukusanya hadithi. Otto hakuifuata sheria. Alikwenda München kusomea uchoraji, akakaa kwa muda Worpswede, kijiji cha kaskazini ambako wachoraji vijana walikuwa wamehamia ili wachore udongo mweusi na mifereji, wakiwa mbali na miji. Mwaka 1897 akamuoa Hanna Unger. Kisha akarudi kwao.

Kurudi huko ndiko kulikonikamata. Alikuwa na elimu ya mjini na jina lilianza kujulikana. Angeweza kubaki München. Badala yake yeye na mkewe walijenga nyumba Goßfelden, kijiji kilicho kando ya mto Lahn, kaskazini mwa Marburg, wakaishi humo hadi alipofariki Mei 8, 1922. Kwa baiskeli ukifuata mto safari haifiki saa moja. Nyumba ipo, na sasa ni makumbusho yake. Mara ya kwanza nilipokwenda nilisimama uani nikageuka pande zote nne, na nikaona nimeshaiona mandhari ile: mabonde mapana, safu ya miti kando ya maji, vilima vya mviringo nyuma. Alichora alichokuwa anakiona akitoka mlangoni.

Kazi iliyomjulisha kwa kila nyumba ya Wajerumani ni michoro yake ya hadithi za Grimm, zaidi ya 400, iliyotoka Leipzig katika juzuu tatu kati ya 1907 na 1909. Ile ilikuwa michoro ya kalamu na wino, mistari mizito, myeusi, isiyo na kijivu, ambayo kiwanda cha uchapaji kingeweza kuihamishia kwenye mabamba bila kupoteza kitu. Lakini mkono ulioichora ulikuwa umezoea bamba la shaba. Ubbelohde alikuwa mchapaji wa michoro ya asidi, ile inayochorwa kwa sindano kwenye bamba la shaba na kuliwa na asidi kabla ya kuchapwa, na ukiweka chapa zake za mashamba na vijiji karibu na ile michoro ya hadithi unaona ni mtu yuleyule anayefikiri kwa mstari.

Alichofanya kwenye hadithi zile ni kuzirudisha nyumbani. Mnara wa Rapunzel, yule msichana aliyeteremsha nywele dirishani, aliuchora kwa kufuata mnara halisi ulioko kijiji cha Amönau, karibu na mji wa Wetter. Nilikwenda kuuona na binti yangu, ambaye alikuwa na miaka mitano na alikuwa amesuka rasta ndefu kwa ajili ya safari hiyo. Ni mnara mdogo, mfupi kuliko nilivyotarajia, umesimama katikati ya nyumba za watu. Mwanangu alisimama chini, akainua uso, akaita kwa Kijerumani, "Rapunzel, teremsha nywele zako!" Mzee mmoja aliyekuwa anapita akaitikia kutoka barabarani, kwa sauti nyembamba ya kike, kwamba anazichana kwanza. Nilikumbuka paukwa na pakawa. Hadithi ikiwa na mahali pake, hata mpita njia anajua zamu yake ya kuitikia.

Mavazi nayo ni hivyohivyo. Wafalme na malkia wake wamevaa nguo za karne za kati, lakini wanawake wa kijijini, wale wanaochota maji na kusokota kitani, wamevaa walivyovaa majirani zake. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nguo hizo nimezishika kwa mikono yangu.

Bibi yangu wa picha ya Frau Holle alizaliwa Schwalm, bonde lililo mashariki ya Marburg. Yeye mwenyewe hakuvaa vazi la kwao zaidi ya utotoni, ila mama yake alilivaa kila siku hadi anakufa. Binti yake alipokuja kumtembelea Pasaka alileta sanduku, akanikaribisha niangalie. Liliponifungukia lilitoa harufu ya kafuri na ya sufu ya kondoo iliyokaa gizani. Sketi ya kwanza niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikalazimika kuongeza wa pili. Ni kitambaa cha sufu nyeusi, kimekunjwa marinda membamba kama kurasa za kitabu, na kila rinda limeshikiliwa upande wa ndani na mishono midogo ambayo sikuweza kuihesabu. Mwanamke wa Schwalm hakuvaa moja. Siku ya sherehe alivaa nyingi, moja juu ya nyingine, na ukingo wa kila moja ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa iliyo chini yake, ili watu waone utajiri wa nyumba yake kwa kuhesabu kingo.

Kisha ikatoka kofia. Ni ndogo kiasi cha kikombe cha kahawa, yenye utepe wa kufungia kidevuni. Ilikaa juu kabisa ya utosi, juu ya fundo la nywele zilizovutwa kutoka shingoni na pembeni zote. Rangi yake ilisema umri: nyekundu kwa msichana, kijani kwa mke kijana, zambarau kwa mama aliyekwisha kukomaa, nyeusi kwa mzee na mjane. Sisi tunaojua kwamba kanga inasema jambo ambalo mdomo hauwezi kulisema hatuhitaji kuelezwa zaidi. Bonde lile leo linajiita nchi ya msichana wa kofia nyekundu, yule aliyekutana na mbwa mwitu msituni.

Sanduku lile lilikuwa na kofia mbili, nyekundu na nyeusi. Nilimuuliza bibi ziko wapi za katikati. Akasema, "Baba alikufa vitani. Mama alitoka kwenye kijani akaingia kwenye nyeusi. Ile ya kijani alizikwa nayo." Siku hiyo nilipomchana nywele aliniomba nizivute juu, nione walivyokuwa wanafanya. Nywele zake ni chache sasa. Nilizikusanya utosini, akashika fundo kwa vidole viwili na kusema kwamba mama yake alikuwa akivuta hadi macho yanalia.

Mavazi haya yalikuwa yanaondoka tayari Ubbelohde alipokuwa anayachora. Reli ya kutoka Kassel hadi Frankfurt ilikamilika 1852 na ilipita Marburg. Pamoja na reli vilikuja vitambaa vya kiwandani vya bei rahisi, na wanaume walipanda treni kwenda kutafuta vibarua kwenye migodi na viwanda vya magharibi. Kitani cha nyumbani kilitaka mwaka mzima: kupanda, kung'oa, kuloweka, kukausha, kuponda, kuchana, kusokota, kufuma. Nani angeendelea wakati dukani kuna jora zima? Wasichana waliokwenda kufanya kazi za ndani mjini walichekwa kwa sketi zao. Vita viwili vilimalizia. Mwishoni mwa karne ya 20 waliokuwa bado wanavaa kila siku walikuwa vikongwe wachache, na walipokufa nguo ziliingia masandukuni na makumbusho.

Ubbelohde si wa kwanza kuyaona mavazi haya. Kijiji cha Willingshausen, hukohuko Schwalm, kilikuwa na wachoraji tangu robo ya kwanza ya karne ya 19. Mmoja wa walioanzisha, Gerhardt von Reutern, alipoteza mkono wa kulia katika vita vya Leipzig 1813 akajifunza kuchora kwa wa kushoto. Baadaye Carl Bantzer alipaka rangi picha kubwa za ibada na ngoma za kijiji kile. Na kulikuwa na Ludwig Emil Grimm, mdogo wao Jacob na Wilhelm, ambaye alikuwa mchapaji wa michoro ya asidi. Mwaka 1814 alimchora Dorothea Viehmann, mwanamke aliyewasimulia kaka zake hadithi nyingi, na picha hiyo ikawekwa mwanzoni mwa juzuu ya pili ya toleo la 1819. Wilhelm alimsifu kama mkulima wa kijijini. Ukweli ni kwamba alikuwa mke wa fundi cherehani, binti wa mwenye nyumba ya wageni, mwenye asili ya Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, na hadithi nyingi alizisikia kwa wasafiri waliopita kwa baba yake. Alikuja Kassel kuuza mazao. Picha ile nzuri, na mikunjo ile ya uso, ndiyo iliyowafanya watu kwa zaidi ya miaka mia waamini hadithi zote zilitoka shambani.

Nalileta hilo kwa sababu chapa ina nguvu ya kuamua nini kinakumbukwa. Ubbelohde naye ana mambo aliyoyaacha. Kijiji chake kina utulivu mno. Huoni bomba la moshi la kiwanda, huoni mwanamume anayeaga kwenda mgodini, huoni njaa. Alikuwa mtu wa wakati ule, wakati ambao wasomi wengi wa Kijerumani walianza kuogopa kwamba nchi yao inapotea; chama cha kulinda nyumba na mandhari za jadi kilianzishwa Dresden 1904. Miaka michache baada ya kifo chake Wanazi waliichukua hofu hiyo, wakaitumia picha ya mkulima kuwaambia watu nani ni wa damu ya nchi hii na nani si wake. Yeye hakuyaona hayo. Lakini mimi ninayeishi hapa na ngozi yangu siwezi kutazama picha ya kijiji safi cha Kijerumani bila kuyajua.

Na kuna tarehe nyingine ninayoijua zaidi ya hizo. Nimezaliwa Songea. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu wa Maji Maji, na makumbusho yamesimama mahali walipozikwa. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja pale Songea akaomba radhi mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano. Nilitazama kwenye simu nikiwa zamu ya usiku, nimekaa korido, nalia kimya ili wazee wasiamke. Mwaka uliofuata unyongaji ule ndiyo juzuu ya kwanza ya Ubbelohde ilitoka Leipzig. Taifa moja lilikuwa linachora kwa upendo kila rinda la sketi ya bibi zake, na kwetu linachoma ghala za chakula. Simbebeshi mchoraji wa Goßfelden dhambi ya jeshi. Ninachosema ni kwamba bibi za kwetu nao walikuwa na vyao, na aliyefika na karatasi mwaka ule hakuwa jirani.

Neno jirani ndilo ninalolirudia kila nikifikiri juu yake. Alichora watu aliowasalimia. Tazama nyumba zake. Nyumba za zamani za huku ni viunzi vya mbao, na katikati ya mbao wanasuka fito, kisha wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu. Mtu yeyote aliyekandika nyumba kwetu ataelewa bila kuambiwa. Juu ya udongo wanapiga lipu, na katika vijiji vya upande huu mafundi walikuwa wanakwaruza maua, ndege na miti ya uzima kwenye lipu ikiwa bado mbichi. Mafundi wachache bado wanafanya. Mara ya kwanza nilipoona ukuta wa namna hiyo nilielewa kwa nini mtu wa hapa angependa sindano na bamba. Ni kazi ileile: unapaka tabaka, unakwaruza, unaacha mstari ukae.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa uchapaji Peramiho, misheni ya Wabenediktini, na mimi nilikua nikinusa wino kwenye shati lake. Labda ndiyo sababu nilijiandikisha darasa la jioni la michoro ya asidi, Jumamosi mbili kwa mwezi. Unasafisha bamba hadi vidole visiache alama. Unalipaka nta iliyochanganywa na lami, nyembamba, nyeusi. Unachora kwa sindano, na kila sindano inapopita shaba inang'aa chini kama waya wa dhahabu. Huchongi shaba, unaondoa nta tu. Kisha bamba linaingia kwenye asidi, na asidi inakula pale palipo wazi. Dakika chache, mstari mwembamba. Ukitaka giza unaacha zaidi, na ile mistari unayotaka ibaki myembamba unaifunika kwa vanishi kabla ya kurudisha bamba ndani. Bamba langu la kwanza nililisahau kwenye asidi nikiongea na simu, na uso wote wa picha ukaliwa ukawa shimo.

Kisha wino unasuguliwa hadi uingie kwenye mistari, na unafutwa kwa shashi, halafu kwa kiganja, mpaka bamba linang'aa na wino umebaki mle ndani tu. Karatasi iliyoloweshwa juu, blanketi za sufu juu yake, na roli inapita kwa uzito mkubwa. Unainua karatasi kwa kona. Hapo sauti hukoma chumba kizima, hata kama watu wameshafanya hivyo maisha yao yote.

Picha ya kwanza niliyoona inastahili kutumwa nyumbani ilikuwa ya bibi yangu, mama yake mama, ameketi kizingitini anashona ukingo wa ungo. Hatuna picha yake akifanya kazi. Ipo moja tu ya kitambulisho. Nilimchora kwa kumbukumbu, nikifikiria wanawake wa Ubbelohde wanavyoketi, mgongo ukiwa na uzito wa kweli na miguu ikikanyaga ardhi hasa. Nilijivunia kanga yake, mikunjo ya kiunoni ilitoka vizuri. Nilimtumia mama picha hiyo kwa simu nikasubiri.

Akanipigia. Alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, umempata. Kichwa ni chake. Ila mbona umemshikisha sindano kushoto? Mama hakuwa wa kushoto."

Chapa hugeuza kila kitu kama kioo. Nilikuwa najua, mwalimu alitwambia siku ya kwanza, na kwenye picha za wachapaji wengi wa zamani unaweza kukuta mvunaji ameshika mundu kwa mkono usio wake. Nilikuwa nimekumbuka kugeuza herufi za jina langu pale chini, nikasahau kumgeuza bibi.

"Na kile kidole," mama aliendelea. "Kidole cha mwisho alikuwa anakikunja, hivi, kwa sababu kiliwahi kuvunjika. Umekinyoosha." Sikuwa najua kwamba kiliwahi kuvunjika. Nikamuuliza kilivunjika lini, akaanza kunisimulia, na nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya ratiba ya zamu kama nilivyoandika jina la Ubbelohde.

Jioni yake ikaingia video. Mama ameketi kizingitini, kwenye nuru ya saa kumi na moja, ana ungo magotini. Ameshika sindano kwa mkono wa kulia, kidole cha mwisho amekikunja makusudi ili nione. Nyuma yake kuna sauti ya mjomba anayeuliza anafanya nini, naye anamjibu bila kugeuka, "Tulia, nachorwa."

Bamba jipya nimeshalisafisha.